Kamanda Alikwenda Wapi

Juzi ofisini kwetu kazi zilisimama tangu chai ya saa nne mpaka karibu na adhuhuri kwa sababu ya mwigizaji mmoja. Habari zilikuwa zimevuja kwenye simu kwamba nyota mkuu wa tamthilia fulani ya mambo ya anga za juu, ambayo pale kila mtu anaifuatilia, hatakuwepo kwenye sehemu zinazokuja, na hakuna aliyejua kwa nini. Mmoja akasema amegombana na mwongozaji. Mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, akaapa kwamba anaumwa na ndugu zake wanaficha. Mhasibu wetu, ambaye kwa kawaida hutoa maneno kwa kupima, alivua miwani akasema huyo amechoka tu, jamani, kwani mtu hachoki? Dada wa masjala akaniuliza mbona leo sina maoni wakati mimi ndiye ninayewagawia flashi za tamthilia zenyewe. Nikamwambia maoni yangu juu ya waigizaji wanaoondoka niliyamaliza nikiwa darasa la nne kule Ntobeye. Wakacheka, wakadhani natania.

Sikuwa natania. Niliyatoa hadharani, kwenye banda la video la Kaka Sostenesi, na watu wazima wakaniunga mkono. Banda lenyewe lilikuwa la miti na mabati, na madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Juu ya bati palikuwa na sola, ndani palikuwa na televisheni yenye mgongo mrefu na mabenchi yaliyotolewa kwenye kigango kilipopata viti vipya. Sostenesi alizifuata flashi Rusumo mpakani, zilikoletwa na mataniboi wa malori. Tamthilia za kigeni tuliziita sizoni, na zilikuja zimeshatafsiriwa na dijei mmoja ambaye sura yake hatukuwahi kuiona. Sauti yake moja ilikuwa ya mume, ya mke, ya mtoto na ya bunduki. Akichoka kutafsiri alikuwa akisema, "Hapa wanaongea mambo yao ya kitaalamu," na sisi tukaridhika.

Nilikuwa nikipelekwa huko na Mama mdogo Evodia, kila Jumapili baada ya misa. Yeye alikuwa mdogo wake mama yangu, kitindamimba wa Bibi. Mama mwenyewe alikuwa akipika wali na maharage pale Rusumo, akiwauzia madereva waliokuwa wakisubiri karatasi za forodha, na mimi aliniacha kwa Bibi tangu sijaota meno yote. Baba nilimjua kwa jina la ukoo tu, lile nililoandikishiwa shule. Kwa hiyo aliyenichana nywele, aliyenifunga vidonda vya funza na kunifundisha kusoma saa alikuwa Mama mdogo. Tulilala kitanda kimoja tukala sahani moja. Nilipozidiwa na baridi ya asubuhi, ile ya milimani kwetu inayopenya hata blanketi, nilikuwa nikiiweka miguu yangu katikati ya miguu yake, naye akilalamika usingizini bila kuiondoa. Nilidhani dunia imepangwa hivyo na haina haja ya kubadilika.

Sizoni yetu ilikuwa ya Kamanda. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye paji pana la uso, aliyeongoza chombo kikubwa chenye watu ambao dunia yao iliungua, na sasa wanatafuta nyingine ya kukaa. Bibi alikuja kutazama mara moja tu. Alikaa na rozari yake mkononi, akatazama kile chombo kinavyopita katikati ya nyota, halafu akauliza kwa sauti kubwa, "Hawa ni wakimbizi?" Mama mdogo akamjibu kwamba ndiyo, ni wakimbizi. "Basi wapewe mashamba watulie. Kuzunguka huku kote kwa nini?" Banda zima lilicheka, na waliocheka zaidi ni wale ambao babu zao walivuka kutoka Burundi na mikeka kichwani.

Mimi nilimpenda Kamanda kwa sababu alifanana na Mama mdogo. Sisemi walifanana sana. Labda ni lile paji la uso, na namna ya kushika kiuno mtu anapoongea upuuzi. Lakini kwangu ilitosha. Moyoni niliamini kwamba wana undugu ambao watu wazima hawajapata nafasi ya kunieleza, na nilipomwona Kamanda anakalia kile kiti chake kirefu chenye vitufe, nilimtazama Mama mdogo pembeni yangu na kuona fahari, nikidhani na yeye anajiona.

Halafu akaja mwanamume mmoja wa Nyabusozi, upande wa Biharamulo. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage, akinunua kwetu wakati wa mavuno na kuyasafirisha hadi Biharamulo. Nilimchukia kwa sababu ya viatu. Kila alipofika alikuwa akichuma majani ya mgomba, akavisugua viatu vyake pale mlangoni mpaka ving'ae, kama mtu anayekusudia kuingia na kukaa. Aliniletea biskuti. Nilizila zote, nikaendelea kumchukia nikiwa na makombo midomoni. Mahari ilipokwisha kuzungumzwa na tarehe ya ndoa kutangazwa kanisani, sikulia hata kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeshasikia habari moja iliyonipa amani: bibi harusi haendi peke yake.

Kwetu ilikuwa hivyo, na kwa wengi bado ni hivyo. Binti akishaolewa hakimbilii jikoni siku ya pili. Anaketishwa chumbani kwa majuma, hashiki jembe, hapiki wala hatoki juani. Anapakwa samli na kunyweshwa maziwa, na majirani wa mumewe hawamwoni. Siku ikifika, watu wa kwao wanakuja na vikapu vya unga na ndizi, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ndipo anatolewa nje, anafunuliwa uso, anakabidhiwa jembe na kupika chakula chake cha kwanza kama mwenye nyumba. Na katika majuma yale yote ya ndani, anakaa na msichana mdogo kutoka kwao, msindikizaji, wa kula naye, kumchotea maji ya kuoga na kumpunguzia upweke. Nani angekuwa msindikizaji wa Mama mdogo kama si mimi?

Sikumwuliza mtu. Asubuhi ya harusi nilitoa madaftari kwenye mkoba wa shule, nikaweka gauni, chupi, mswaki, na kile kitana cha Mama mdogo alichokuwa amekisahau juu ya dirisha. Nikakaa kwenye kizingiti na mkoba magotini. Aliyetoka ndani akiwa amevalishwa kandambili mpya na kitambaa cha kichwani alikuwa Adventina, mtoto wa mjomba. Tulikuwa darasa moja. Hakuwa amewahi kulala kitanda kimoja na Mama mdogo hata siku moja. Kwao kulikuwa ng'ambo ya kijito, na kwa Bibi alikuja kuomba chumvi.

"Na mimi?" nilimwuliza Bibi.

Bibi alikuwa anafunga kikapu, akaacha. "Mwana wanje, mwanangu, msindikizaji anatoka kwenye ukoo wa bibi harusi. Adventina ni mtoto wa kaka yake. Evodia kwake ni shangazi. Wewe ni mtoto wa dada yake."

"Dada yake ndiye wa karibu zaidi."

"Ni wa karibu, lakini wewe una ukoo wa baba yako. Wewe una kwenu."

"Kwetu wapi?"

Mjomba aliyekuwa karibu alicheka, si kwa ubaya, akasema watoto wa siku hizi wana maswali ya mahakamani. Mama mdogo alipita mbele yangu akiwa amefunikwa kitenge kichwani, akishikwa mikono na wanawake wawili, na kwa kuwa hakuwa anaona mbele, alinikanyaga kidole. Hakujua ni mimi. Adventina alipanda gari nyuma yake, akakaa ubavuni kwake kabisa, na kabla mlango haujafungwa alinipungia mkono. Mpaka leo watu wakinipungia mkono kutoka garini huwa nachelewa kuitikia.

Nataka niueleze wivu ule kama ulivyokuwa, maana mara nyingi tunawasimulia watoto kana kwamba mioyo yao ni ya maziwa. Nilimwonea Adventina wivu nikiwa nakula, nikiwa nafagia, hata nikiwa napokea komunyo. Padri alisema mwili wa Kristo, mimi nikajibu amina huku nawaza kwamba saa ile Adventina anakunywa maziwa kwenye kikombe kimoja na Mama mdogo. Mjomba alikwenda Nyabusozi kuwajulia hali, akarudi na habari kwamba mwanawe amenenepa. Aliisema kwa furaha, akionyesha kwa mikono mashavu yalivyo. Nilitoka nje nikaipiga teke ndoo ya maji, nikachapwa. Kitandani nilijinyoosha katikati, pande zote mbili zikiwa baridi, nikawaza miguu ya Adventina mahali ilipo.

Katika hali hiyo ndipo flashi mpya ilipofika kwa Sostenesi. Jumapili ile nilikwenda na Bibi, aliyekubali kunisindikiza kwa sababu alikuwa amechoka na uso wangu nyumbani. Tukakaa. Muziki wa mwanzo ukapigwa, chombo kikapita kwenye nyota, na kwenye kiti chenye vitufe alikuwa amekaa msichana mgeni mwenye nywele fupi. Dijei akasema tu, "Sasa huyu ndiye mkubwa wao," akaendelea. Banda likawaka. Watu walipiga mluzi wakitaka Sostenesi asimamishe, wakidhani amekosea flashi. Akatoa, akapuliza, akarudisha. Alikuwa yule yule msichana.

Majuma yaliyofuata Ntobeye haikuzungumza kingine. Kisimani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hata nje ya kanisa, swali lilikuwa moja: Kamanda amekwenda wapi, na kwa nini? Vijana wa sekondari walisema ana mimba, na lile vazi la angani halina nafasi ya tumbo. Mama aliyekuwa akiuza karanga mlangoni mwa banda alisema ni yule mwenye nywele fupi amemwendea kwa mganga, na ushahidi ni kwamba hawezi kutazama watu machoni. Wengine walisema amekufa kabisa, ila wenye sizoni wanaficha ili watu wasiache kununua. Nestori, kijana niliyesoma naye, ambaye shangazi zake walikuwa wamepelekwa ng'ambo kutoka kambi ya wakimbizi, alikuwa na jibu lililompa raha sana.

"Amepata safari," alisema. "Jina lake limetoka. Ameitwa Amerika."

"Lakini yeye ni Mmarekani," Sostenesi akamwambia.

Nestori alifikiri. "Basi Kanada."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu bora. Ndipo nikasimama. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni hasira tu iliyokuwa inatafuta mahali pa kutokea. Nikasema Kamanda ameolewa na sasa ameketishwa ndani.

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi ya kile cha Kanada. Nikasubiri kiishe. Kisha nikawakumbusha jinsi sehemu ya mwisho ilivyokwisha, maana mimi nilikuwa nimeitazama na mtu aliyekuwa akininong'oneza kila kitu. Si Kamanda alizunguka chombo kizima akiwaaga watu kwa mkono, mmoja mmoja? Aliaga. Si walimvua vazi la kazi wakamvisha jeupe? Walimvisha. Si aliingia chumbani, akalala kwenye lile sanduku la kioo, na kitu cheupe kikajaa mle ndani? Maziwa. Na alipolala, ni nani aliyeachwa akae pembeni ya sanduku? Ni kile kiroboti kidogo. Kiliambiwa kikae naye, kisitoke, mpaka watu wake watakapokuja.

Mama wa karanga ndiye aliyeitikia wa kwanza. "Mungu wangu," alisema, "msindikizaji." Na Bibi yangu, aliyekuwa na rozari yake, akatikisa kichwa akasema kwamba sasa ndiyo ameanza kuielewa hii video, na kwamba wazungu nao kumbe wana heshima zao. Tangu siku ile nikawa mtu. Wanawake wazima walinisimamisha njiani kuniuliza Kamanda atatolewa lini. Nikawajibu kwa utulivu kama mtoa matangazo ya kanisa: akitolewa atarudi kwenye kiti chake, yule wa nywele fupi ataondoka, na kile kiroboti kitarudi stoo. Niliutamka mwisho huo kwa raha ambayo sasa ninaielewa vizuri zaidi. Kile kiroboti kilikuwa na macho ya Adventina.

Maana mimi sikuwa nazungumza habari za sizoni. Sikujua kama nyumba ya mume ndiyo inakuwa kwako. Nilijua sherehe ya kutolewa ndani ipo, lakini sikuwahi kuhudhuria hata moja, na kilichobaki nilijazia kwa kile nilichokiona kwa Sostenesi. Watu wa chombo waliposhikwa kwenye ile nchi ya mchanga mwekundu, Kamanda alifanya nini? Alipakia zawadi, akashuka nazo, akazitoa mbele ya wenyeji, akawachukua watu wake na kuondoka nao. Kwa hiyo Bibi alipoanza kuanika mtama, mama aliporudi kutoka Rusumo na kanga mpya, na mjomba alipoleta ndizi za kuivisha shimoni kwa ajili ya rubisi, mimi niliitambua ile shughuli mara moja. Vikapu vingi vile havikuwa vya salamu. Tulikuwa tunakwenda kumkomboa.

Nikajiandaa. Nilitoa nyasi kuukuu kwenye godoro letu, nikakata mpya kule bondeni, nikazianika na kujaza. Nilifua shuka. Kwenye kikapu kimojawapo, chini ya viazi, nilificha ndala zake za shamba, kwa sababu viatu vya harusi haviwezi kutembea kwenye njia yetu ya mawe. Na kwa Sostenesi niliweka neno: Jumapili inayokuja Mama mdogo atakuwepo, benchi la mbele liwe wazi. Alinitazama kwa namna ambayo wakati ule niliidhania kuwa heshima. "Haya, mtaalamu," alisema.

Tuliondoka kwa pikapu ya kukodi, wanawake nyuma pamoja na vikapu, wakiimba. Milima yetu ikabaki nyuma, ardhi ikaanza kulala tambarare, na mimi nikaona ni kweli tunakwenda nchi nyingine. Nyumba ya Nyabusozi ilikuwa ya tofali za kuchoma. Juu ya bati palikuwa na dishi. Nililiona dishi lile kabla sijaona kitu kingine chochote.

Tulipokelewa uani. Wanawake wa kwetu wakaruhusiwa kwenda chumbani kumwandaa, nami nikapenya katikati ya vitenge vyao. Aliyefungua mlango ni Adventina. Alikuwa amenenepa kweli, ngozi inang'aa, na chumba kizima kilinuka samli, harufu tamu nzito ambayo mpaka leo ikinijia kwenye nyumba ya watu naweka kijiko chini. "Shikamooni," aliwaambia wakubwa, halafu akanitazama mimi. "Shangazi anavaa. Subirini kidogo." Alisema hivyo, mtoto wa kuomba chumvi. Nyuma yake, juu ya kabati, palikuwa na televisheni bapa, na mbele yake mkeka mmoja na mito miwili.

Sikuweza kujizuia. "Mnatazama sizoni?"

"Kila siku," alisema. "Tumeshamaliza yote."

"Na Kamanda?"

"Hakurudi." Alisema kama mtu anayetaja habari za hali ya hewa. "Shangazi alisema labda ni yeye mwenyewe alitaka kuondoka."

Mambo mawili yaliniuma pamoja, na sijui lipi lilitangulia. Moja ni kwamba Kamanda hakurudi. La pili ni kwamba walipoliona jambo lile walikuwa wawili kwenye mkeka mmoja, na maneno ya Mama mdogo, yale ya kuninong'oneza sikioni, yalikuwa yameingia kwenye sikio lingine.

Wakamtoa. Alikuja amefunikwa, akitembea kidogokidogo, akakalishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja. Bibi ndiye aliyemfunua. Alikuwa mweupe wa kukosa jua, na mzuri kiasi kwamba watu wa Biharamulo walipiga vigelegele kabla ya watu wa kwetu. Alitazama chini. Nilisimama ambapo lazima anione akiinua macho, na alipoinua aliniona, akatabasamu, nikajua kwamba sasa mambo yatakwenda. Vikapu vikapangwa mbele ya mama mkwe wake. Nikavitazama vikipokelewa kimoja kimoja, nikingoja aseme vinatosha. Mama mkwe akashukuru. Kisha akamkabidhi Mama mdogo jembe jipya, na Mama mdogo akalipokea kwa mikono miwili, akainama akalima mistari michache nyuma ya nyumba huku watu wakishangilia. Akaingia jikoni. Moshi ukaanza kupita juu ya bati.

Chakula kilipoiva, watu wa kwetu walikalishwa kwenye mikeka kivulini. Yeye mwenyewe alipita na birika na beseni, akinawisha mikono. Alianza kwa mjomba, akaenda kwa Bibi, akaenda kwa mama yangu. Alipofika kwangu alipiga goti, kama alivyopiga kwa wengine wote, akanimiminia maji. Yalikuwa ya vuguvugu.

"Karibu, mgeni wangu," alisema.

Aliisema kwa upendo. Nataka hilo lieleweke, maana kwa miaka mingi nilijaribu kukumbuka kwamba aliisema kwa dharau ili nipate wa kumlaumu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuninawisha mikono nyumbani. Nyumbani tulikuwa tunachovya wote kwenye bakuli moja, tunasukumana viwiko. Halafu akaniletea sahani yangu, peke yangu, imejaa, na kipande cha nyama kilichochaguliwa.

"Mama mdogo," nilimwambia, "tunaondoka saa ngapi?"

"Nyie mtaondoka jua likipoa, ili msichomeke njiani."

"Na wewe?"

Alitazama kuona kama kuna anayesikia. Akaweka mkono wake wa samli kwenye shavu langu. "Mimi nimeshafika, mama. Hapa ndipo kwangu."

"Nimeleta ndala zako."

"Umefanya vizuri," alisema. "Nitazivalia shambani." Akaondoka kwenda kumpelekea chumvi mjomba wa mumewe, aliyekuwa anaita.

Nilikula chote. Watu hudhani mtoto mwenye huzuni hali, lakini mimi nilikula mpaka nyama, kwa sababu sikutaka chochote changu kibaki pale. Na kadiri nilivyotafuna nilijipa faraja ya mwisho niliyokuwa nayo, faraja mbaya: kwamba walau nitarudi Ntobeye ambako Adventina hayupo. Nitakuwa mjukuu wa pekee kwa Bibi. Yeye abaki na maziwa yake na televisheni yake.

Jua lilipopoa tukapanda pikapu. Mjomba akarudi uani akamshika Adventina mkono. "Na wewe panda," alimwambia. "Shangazi yako ameshatolewa. Kazi yako imekwisha."

Adventina alikuwa hajui. Nilimwona usoni kwamba hakuna aliyemwambia, kama vile hakuna aliyeniambia mimi. Alimtazama shangazi yake kwanza, akisubiri aseme neno, na Mama mdogo akamvuta akamkumbatia, akamfunga kile kitambaa cha kichwani kilichokuwa kimelegea, akamsukuma taratibu kuelekea kwenye gari. Adventina akaanza kupiga kelele. Alishika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili, mjomba akambandua kidole kimoja kimoja, akambeba na kumweka nyuma, ubavuni kwangu, kwa sababu nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo. Wanawake walijaribu kuimba ili kumfunika sauti, wakashindwa.

Alilia njia nzima. Alilia tulipoiacha barabara kubwa, akalia kwenye makorongo, akalia milima yetu ilipoanza kupanda. Alimtaja shangazi yake, mkeka, kikombe cha bluu, na namna Shangazi alivyokuwa akimsimulia kila kitu sikioni. Kamasi na samli vilikuwa vimechanganyika usoni kwake. Bibi akaniambia, "Mshike mwenzako." Nikamshika, kwa kuwa niliagizwa. Mwili wake ulikuwa wa moto, umejaa, unanuka kama chumba kile. Mimi nilikuwa mkavu; nilikuwa nimeondokewa siku nyingi zilizopita, na wakati ule hakuna gari zima lililoniimbia. Nilimshika Adventina kwa mikono miwili, nikamsikiliza anavyolia, na hata kilio chake nilikionea wivu.